Kweli au Uongo? Yanayosemwa Masii Kuhusu Chipu za Simu na Kompyuta

Masii iko Mwala, kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, na kama mji wowote wa soko Ukambani, hapakosi fundi wa simu, duka la M-Pesa, saiba ya kuchapisha fomu na mtu anayeuza laptopu za mitumba za ex-UK. Uliza ununue kipi, na majibu yatakuwa mengi kuliko fedha ulizo nazo. Huyu anaapa kwamba Intel haina mpinzani. Yule anasema ARM haimalizi moto. Mwanafunzi wa chuo aliye likizoni anatupia maneno mawili, RISC na CISC, na kuanzia hapo kila muuzaji anayatumia apendavyo.

Tuweke msingi kwanza. Prosesa haielewi Kiswahili wala Kikamba. Inaelewa amri ilizoundwa nazo: jumlisha, linganisha, soma kutoka kwenye kumbukumbu, ruka hadi mahali fulani. Wanaofuata njia ya CISC huipa prosesa amri nzito, moja ikibeba kazi nyingi. Wa RISC huipa amri nyepesi zinazopita kwa kasi moja baada ya nyingine. Kumwambia mpishi "pika muthokoi" ni CISC. Kumwambia "osha mahindi, teleka maji, tia maharagwe, koroga" ni RISC. Chipu za Intel na AMD zilizo kwenye kompyuta nyingi ni za ukoo wa CISC. Chipu za ARM, zilizo ndani ya karibu kila simu, ni za RISC.

Mpaka hapo hakuna ubishi. Tuyapime sasa yanayosemwa baada ya hapo.

1. "RISC ni ya simu, CISC ni ya kompyuta."

UONGO. Kenya yenyewe ilishuhudia kinyume chake. Januari 2013 Safaricom na Intel walizindua simu iliyoitwa Yolo kwa bei ya Sh10,999. Ndani yake mlikuwa na Atom Z2420 ya gigahezi 1.2, chipu ya ukoo wa x86 ulioanza na Intel 8086 mwaka 1978. Ilikuwa simu janja ya kwanza yenye prosesa ya Intel kuuzwa Afrika. Aliyeinunua alitia CISC mfukoni, akapiga simu na kutuma pesa kama jirani yake mwenye ARM.

Upande wa kompyuta nao una ushahidi wake. Macintosh ya Apple ilianza mwaka 1984 na Motorola 68000, chipu ya CISC. Mwaka 1994 ikahamia PowerPC, ambayo ni RISC. Mwaka 2006 ikaenda Intel, na Novemba 2020 ikarudi RISC kwa chipu ya M1 yenye msingi wa ARM. Kompyuta ya jina moja imevuka mpaka mara tatu. Japani nako, kompyuta kubwa ya Fugaku iliyotangazwa Juni 2020 kuwa ya kwanza kwa kasi duniani ilijengwa kwa prosesa za ARM, zaidi ya 150,000. Chipu ya aina ya simu iliongoza dunia katika hesabu nzito.

2. "Yolo ilikufa kwa sababu CISC haifai kwenye simu."

UONGO. Kilichoiangusha Intel kwenye simu si uzito wa amri zake. Ilifika sokoni na kukuta watu wameshakubaliana.

Seti ya amri ni mkataba. Anayeandika programu anaahidi kutumia amri zilizo kwenye orodha, na mtengenezaji wa chipu anaahidi kuzitekeleza. Kufikia 2013 mkataba wa Android ulikuwa umeshatiwa saini na ARM. Huawei IDEOS, simu iliyowaingiza Wakenya wengi kwenye Android mwaka 2011 kwa takriban Sh8,000, ilikuwa na chipu ya ARM kutoka Qualcomm. Programu nyingi, hasa michezo, zilikuwa na sehemu zilizoandikwa kwa amri za ARM moja kwa moja. Ili Yolo na ndugu zake zizifungue, Intel iliweka ndani mkalimani aliyeitwa Houdini, aliyegeuza amri za ARM kuwa za x86 programu ikiwa inaendelea. Ilifanya kazi, ila mkalimani naye anakula muda na chaji.

Tena ARM haikuuza chipu, iliuza leseni ya michoro yake. Qualcomm, MediaTek na Samsung walishindana kuweka prosesa, modemu na michoro ya skrini kwenye kipande kimoja cha bei nafuu, ilhali Atom ya Yolo ilihitaji modemu ya pembeni. Aprili 2016 Intel ikafuta mipango ya chipu zake mpya za simu. Biashara ndiyo iliyoamua, na mkataba ukabaki pale pale ulipotiwa saini.

3. "RISC ina amri chache."

NUSU KWELI. Ilikuwa kweli mwanzoni. RISC-I, chipu iliyobuniwa na David Patterson na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na amri 31 tu. Zihesabu za ARM ya leo ya biti 64 na utapita mamia. Mojawapo, FJCVTZS, iliongezwa mahsusi ili kugeuza namba zenye desimali kuwa namba kamili jinsi lugha ya JavaScript inavyotaka, kwa sababu tovuti zimejaa JavaScript. Hiyo si amri ya mtu anayeogopa wingi. Kwa upande wa pili, PDP-8, kompyuta ya mwaka 1965, ilikuwa na aina nane za amri za msingi, na hakuna aliyeiunda akiwa na RISC akilini.

Tofauti ya kweli iko kwenye mambo mawili. La kwanza ni urefu. Kwenye ARM ya biti 64 kila amri ina baiti 4, basi, ilhali amri ya x86 inaweza kuwa na baiti 1 au hata 15. Prosesa ya ARM inajua amri inayofuata inaanzia wapi kabla hata haijaisoma hii ya sasa. Ya x86 lazima ipapase.

La pili ni jinsi ya kushika kumbukumbu. Tuseme salio liko kwenye kumbukumbu na unataka kuliongeza shilingi 50. Kwa x86 amri moja inatosha: ongeza 50 mahali pale pale lilipo. Kwa ARM zinahitajika tatu: pakia salio kwenye rejista, ongeza 50, rudisha jibu kwenye kumbukumbu. Hesabu zote za RISC hufanyika kwenye rejista, vijisanduku vichache vilivyo ndani ya prosesa yenyewe, na kumbukumbu huguswa na amri za kupakia na kuhifadhi pekee.

4. "CISC ilikuwa kosa la wahandisi wa zamani."

UONGO. Katika miaka ya 1960 na 1970 kumbukumbu ilikuwa ghali na ndogo, na watu wengi waliandika programu kwa amri za mashine, moja moja, kwa mkono. Amri moja iliyofanya kazi ya tano ilikuwa akiba ya pesa na ya jasho. Ndiyo sababu kompyuta ya VAX ya mwaka 1977 ilipewa hata amri ya kukokotoa polinomia nzima kwa mkupuo.

Mambo yalibadilika pale kazi ya kuandika amri za mashine ilipohamia kwa kompaila, programu zinazotafsiri lugha za waandishi kuwa amri za chipu. Kuanzia 1975, kundi la John Cocke katika kituo cha utafiti cha IBM huko Yorktown Heights, New York, lilichunguza kompaila zinatumia nini hasa. Likakuta zinarudia amri nyepesi chache, huku zile za fahari zikikaa bila kazi. Mashine iliyozaliwa na uchunguzi huo iliitwa 801, kwa namba ya jengo lao. Cocke alipata Tuzo ya Turing ya mwaka 1987. Patterson na John Hennessy wa Stanford, aliyeongoza kazi ya chipu ya MIPS, walipewa ya mwaka 2017.

Ubanaji wa nafasi, ambao ulikuwa hekima ya CISC, nao haukutupwa. Katikati ya miaka ya 1990 ARM ilileta Thumb, amri zilizofupishwa hadi biti 16, ili programu zitoshee kwenye kumbukumbu finyu. Chipu yenye Thumb ndiyo iliyoingia kwenye Nokia 6110, na ukoo huo ukaenea kwenye simu za vitufe kote duniani.

5. "ARM inatunza betri kwa sababu ni RISC."

NUSU KWELI. ARM ya kwanza ilibuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, Cambridge, Uingereza. Walitaka kasha la plastiki badala ya la kauri kwa sababu plastiki ni rahisi kwa bei, na plastiki haivumilii joto. Kwa hiyo ilibidi chipu itumie chini ya wati moja. Ilipofika kutoka kiwandani tarehe 26 Aprili 1985, Furber aliunganisha ammita ili apime mkondo wa umeme. Chipu ikafanya kazi, na ammita ikasoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa, na chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme kidogo uliovuja kupitia nyaya za mawasiliano. Ilikuwa na transista zipatazo 25,000. Intel 386, iliyotoka mwaka huo huo, ilikuwa na 275,000. Katika enzi ile, amri nyepesi zilimaanisha chipu ndogo, na chipu ndogo ilimaanisha umeme kidogo.

Siku hizi hesabu imebadilika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walipima prosesa za ARM na za x86 kwa kazi zile zile, wakahitimisha kwamba RISC au CISC si kinachoamua matumizi ya nishati. Kinachoamua ni lengo la mbunifu: je, alitaka chipu ya kukaa mfukoni au ya kukaa kwenye seva yenye feni? Sehemu ya kusoma amri zenye urefu tofauti inagharimu transista kadhaa. Kwenye chipu ndogo sana gharama hiyo inaonekana, lakini kwenye chipu yenye mabilioni ya transista inamezwa.

Mwenye simu inayozima kabla ya jioni aanzie kwenye mwanga wa skrini na mtandao. Mnara ukiwa mbali, redio ya simu huongeza nguvu ili usikike, na hapo betri inateremka hata chipu iwe ya nani.

6. "Ndani ya Intel ya leo kuna RISC iliyojificha."

KARIBU KWELI. Tangu Pentium Pro ya Novemba 1995, prosesa za Intel hupokea amri nzito za x86 mlangoni na kuzivunja kuwa vipande vyepesi kabla ya kuvitekeleza. Ile amri ya kuongeza 50 kwenye salio, ukiifuata ndani ya chipu, utakuta imegawanywa: pakia, jumlisha, hifadhi. Wabunifu wa Intel walichukua somo la Berkeley na Stanford bila kuvunja mkataba na programu za zamani.

Kinachozuia tuseme "kweli" kamili ni kwamba vipande hivyo ni siri ya ndani. Hakuna programu inayoweza kuviandika moja kwa moja, na vinabadilika kutoka toleo moja la chipu hadi jingine. Prosesa kubwa za ARM nazo huvunja baadhi ya amri zao. Ukifungua injini mbili za leo utaona zinafanana kuliko majina yao. Ugomvi wa miaka ya 1980 ulimalizwa kwa kila upande kukopa kwa mwenzake.

7. "Programu ya kompyuta inakataa kwenye simu kwa sababu simu ni dhaifu."

UONGO. Simu ya kawaida ya leo ina nguvu kuliko kompyuta za mezani za miaka ya 1990. Faili la kusakinisha la Windows ulilobeba kwenye flashi linakataa kwa sababu mbili: limeandikwa kwa amri za x86, na linategemea huduma za Windows ambazo Android haina. Vunja mmoja tu kati ya mikataba hiyo miwili na programu haifunguki.

Fundi wa simu anakutana na jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mteja amerushiwa programu ya Android na rafiki, simu inaandika "Programu haijasakinishwa", na mteja anaamini simu imeharibika. Mara nyingi kisa ni folda. Ndani ya programu ya Android yenye sehemu za amri za mashine huwa na folda kwa kila aina ya chipu: armeabi-v7a kwa ARM ya biti 32, arm64-v8a kwa ya biti 64, x86 kwa Intel. Tangu 1 Agosti 2019 Google Play inadai toleo la biti 64 kwa programu za namna hiyo, na duka hilo huipa kila simu folda inayoifaa peke yake. Simu nyingi za bei ya chini zina chipu ya biti 64 lakini zimewekewa Android ya biti 32 ili kubana kumbukumbu. Ukiirushia simu kama hiyo programu iliyotoka kwenye simu ya biti 64, folda inayohitajika haimo. Zote mbili ni ARM, zote RISC, na bado hazielewani. Suluhisho ni kuipakua upya kutoka dukani kwenye simu husika, si kubadilisha simu.

8. "Laini ni kadi ya kuhifadhi namba tu."

UONGO, na hili wengi hawalitarajii. Laini ya simu ina prosesa, kumbukumbu na mfumo wake wa uendeshaji. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, na PIN ikafichwa humo kabla ya ujumbe kuondoka. Ndiyo maana hata kabambe, simu ya vitufe isiyo na intaneti, iliweza kutuma pesa.

Laini nyingi za enzi hizo zilijengwa kwa prosesa za biti 8, nyingine zikiwa za ukoo wa Intel 8051, chipu ya CISC iliyotoka mwaka 1980. Chipu kuu ya kabambe hiyo hiyo mara nyingi ilikuwa ARM, yaani RISC. Bibi aliyepokea pesa kutoka kwa mwanawe aliye Nairobi anaweza kuwa alishika vyote viwili kwa kiganja kimoja, na pesa zikafika.

9. "RISC-V ni ya bure, kwa hiyo simu za bure zinakuja."

UONGO. RISC-V ilianza Berkeley mwaka 2010, na cha bure ni orodha ya amri. Yeyote anaweza kubuni chipu inayoifuata bila kulipa leseni, jambo kubwa kwa vyuo na kampuni changa, zikiwemo za Afrika. Lakini kuubuni mchoro kunahitaji wahandisi, na kuuchapa juu ya silikoni kunahitaji viwanda ambavyo ni nchi chache tu duniani zilizo navyo.

Katika kaunti hii hii ya Machakos, huko Athi River, kiwanda cha EADAK kilizinduliwa Oktoba 2023 kwa ubia wa Safaricom, Jamii Telecom na kampuni ya Uchina, na simu za kwanza zikauzwa kwa Sh7,499 na Sh8,999. Kazi ya pale ni kuunganisha sehemu. Chipu huja zikiwa tayari. Bei hizo zinategemea kodi, skrini, betri na wingi wa uzalishaji kuliko ada ya leseni ya amri. Siku RISC-V itakapoingia kwenye simu za hapa, itabidi nayo ikubaliane na waandishi wa programu kwanza, kama Yolo ilivyogundua kwa kuchelewa.

10. "Tazama gigahezi tu, yenye nyingi ndiyo yenye kasi."

UONGO, na huu ndio unaomgharimu mnunuzi wa Masii pesa taslimu. Muda wa kumaliza kazi hutokana na mambo matatu yanayozidishana: amri ngapi zinahitajika, kila amri inachukua mapigo mangapi ya saa ya chipu, na kila pigo lina urefu gani. Gigahezi inakueleza hilo la tatu pekee. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004. Miaka miwili baadaye Core 2 Duo ya gigahezi 2.4 ikaipita, na zote ni za Intel.

Chukua laptopu mbili za ex-UK zenye kibandiko cha i5. Moja ina i5-3320M ya gigahezi 2.6, nyingine i5-8250U ya gigahezi 1.6. Anayesoma gigahezi atachukua ya kwanza. Lakini kwa chipu hizi tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni kizazi cha tatu, ya 2012, yenye viini viwili vya kazi; ya pili ni kizazi cha nane, ya 2017, yenye viini vinne, na inaiacha mbali. Isitoshe, Microsoft inaitambua ya kizazi cha nane kwa Windows 11, haiitambui ya cha tatu, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo usimwulize muuzaji kama mashine ni RISC au CISC. Muulize kizazi cha chipu, ukubwa wa ram, kama diski ni SSD, na mfumo wake utaendelea kupata masasisho hadi mwaka gani. Kwa simu, ongeza moja: Android yake ni ya biti 32 au 64? Asiyeweza kujibu, mwombe uiwashe na uifungue sehemu ya mipangilio ukiwa hapo hapo dukani, kabla ya kutoa pesa.